Aliyekuwa na Faili

Daktari Ilhan Abdinoor hakuwa mtu wa kukumbuka nyuso. Angeweza kupishana sokoni Ijumaa na mgonjwa aliyemng'oa jino Jumatatu asimtambue, na mjini Garissa jambo hilo lilimpa sifa ya majivuno. Hakuwa na majivuno. Alikumbuka vinywa.

Zahanati yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Kiti kimoja, taa moja, jenereta kwenye roshani, na tangi la maji lililojazwa na mkokoteni wa punda kila mara mabomba yalipokauka. Asubuhi alipima muda wa kuchemsha vyombo mtungini kwa saa, si kwa kukisia. Kisha waliingia: wachuuzi waliosagika magego kwa miraa na chai yenye sukari nyingi, wachunga ngamia walioficha maumivu mwaka mzima, akina mama na watoto waliolia kabla hawajaguswa. Arbia, msaidizi wake, aliandika majina na kugombana na wanaoruka foleni. Kazi ya namna hiyo ilimfaa Ilhan. Jino limeoza au halijaoza. Mzizi umetoka wote au umebaki.

Mtu yule aliingia Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitambaa mpaka puani kama aliyetoka kwenye vumbi, na mkononi alishika kibali cha kutoka kambini Dadaab.

"Jina?" aliuliza Arbia.

"Sakariye."

"Sakariye nani? Asiye na jina la baba ni yule nabii anayesomwa msikitini tu."

"Wewe andika Sakariye. Hii jino nasumbua mimi siku tisa. Nikifa hapa, andika ingine."

Alisema Kiswahili cha ofisi za kambini. Ilhan alipoinamisha kiti, mtu yule alimwambia, "Bole bole, daktari," akafumba macho.

Ilhan alikuwa na utaratibu mmoja. Alianza juu kulia, akazunguka hadi juu kushoto, akashuka chini kushoto, akamalizia chini kulia, huku akimsomea Arbia hali ya kila jino. Meno yalikuwa na mistari ya rangi ya chai, alama ya mtu aliyekua akinywa maji ya visima virefu vyenye madini. Chini, chonge zote mbili hazikuwapo. Hilo pia halikumshangaza. Kwao, mtoto mchanga akiharisha na kuchemka, bibi fulani huwa tayari kusema ana meno ya mbweha, na huyachimbua yangali ndani ya ufizi kwa msumari uliopashwa moto. Ilhan alikuwa amehesabu mianya ya namna hiyo mpaka akaacha kuhesabu.

Alifika kwenye gego la kwanza chini kulia, akasogeza taa.

Gego lilikuwa limezibwa kwa madini ya rangi ya fedha. Juu ya zibo hilo palichongwa mifereji minne, kama inavyotakiwa, na wa tano, mfupi, uliopinda kuelekea shavuni. Mfereji huo haumo katika kitabu chochote. Mwalimu wake wa Nairobi alikuwa akimwambia, "Unachonga kama mtu anayetia sahihi." Alijaribu kuacha, hakuweza.

Ilikuwa kazi yake. Na nyuma ya gego hilo lilifuata lingine lililoinama mbele kama mtu anayenong'ona. Ilhan alikumbuka kinywa hicho chote kwa mara moja, jinsi mtu anavyokumbuka nyumba aliyowahi kuishi. Kilikuwa kinywa cha Mustaf. Mustaf alikuwa amezikwa miaka saba iliyopita, na aliyethibitisha maiti yake ni Ilhan mwenyewe.

"Arbia," alisema, "shuka ukaniletee dawa ya ganzi kwa mfamasia."

"Ipo, daktari. Boksi zima."

"Lete nyingine."

Arbia alimtazama, akaenda.

Ilhan aliondoa kioo mdomoni mwa mgonjwa. "Nani alikuziba jino hili?"

"Daktari moja. Kismayu. Zamani."

"Hapana. Ni mimi."

Mtu yule alifumbua macho. Aliacha kile Kiswahili, akasema Kisomali cha upande wa Hulugho, laini, bila haraka.

"Walaal, dada yangu, unatibu watu wangapi kwa mwaka?"

"Elfu mbili na kidogo."

"Na hukuweza kunisahau mimi mmoja."

"Wewe ni Mustaf."

"Nilikuwa."

Ilhan alivua glavu, akaketi kwenye kiti chake cha magurudumu.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka kumi na moja nyuma, vijana wawili wa bulla moja, yaani mtaa mmoja, Mustaf na Fathi, walipeleka mbuzi mpakani, hawakurudi. Walikuwa wamenyonya wakati mmoja, wakanywa kisima kimoja, na bibi mmoja aliwachimbua meno ya mbweha wote wawili. Mustaf alimwacha mke, Kaltun, wa miezi mitano ya ndoa. Fathi alimwacha mama, Raho. Miaka minne baadaye wachungaji waliokota mifupa chini ya kichaka, pamoja na kipande cha shati. Kaltun alilitambua shati: alilishona yeye, kwa uzi wa rangi isiyolingana. Lakini kadhi alitaka zaidi ya shati, kwa kuwa shati huazimwa. Ndipo wazee walipomletea Ilhan taya la chini ndani ya mfuko wa unga.

Alilitazama siku tatu. Mistari ya rangi ya chai, ipo. Chonge hazipo. Gego la nyuma limeinama kidogo. Gego la kwanza chini kulia, lile aliloliziba, halikuwamo, na kingo za tundu lake zilikuwa kali, maana yake lilidondoka baada ya kifo. Huenda lilikuwa na zibo, huenda halikuwa nalo. Lilikuwa kwenye mchanga wa Hulugho na halingepatikana. Alilinganisha taya na faili la Mustaf, hakuona palipopingana. Faili la Fathi hakulinganisha, kwa sababu Fathi hakuwahi kuketi kwenye kiti cha daktari wa meno maishani mwake.

Siku hizo tatu Kaltun alikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili hadi kufunga, hakuuliza chochote. Miaka minne alikuwa si mke wala si mjane. Siku ya tatu Ilhan aliandika ripoti. Palipostahili neno "inawezekana" aliandika "bila shaka". Wakati ule aliamini kwamba ni ushahidi ulioandika.

Taya lilizikwa kwa jina la Mustaf. Kaltun alikaa eda, miezi minne na siku kumi. Mwaka uliofuata aliolewa na Abdishakur, muuza vyuma.

"Nani tulimzika?" aliuliza Ilhan, ingawa alijua. Kulikuwa na watu wawili tu.

"Fathi." Mustaf alijiinua akaketi. "Lori liliharibika, tukatembea. Maji yaliisha siku ya pili. Yeye alinipa ya mwisho, akaniambia ana tumbo baya, hawezi kunywa. Mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Alipokufa sikuwa na nguvu ya kuchimba. Nilivua shati nikamfunika uso. Nikaondoka. Unasikia, daktari? Nikaondoka, na nilipookotwa upande wa pili wa mpaka sikumwambia mtu kwamba kuna maiti nyuma yangu."

"Kwa nini hukurudi?"

"Kumwambia mama Raho nini? Kwamba nimekunywa maji ya mwanawe na nikamwachia fisi?" Aligusa shavu. "Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Kisha nikamkuta mtu wa kwetu Liboi, hakunijua, akanisimulia habari ya Mustaf aliyezikwa na mkewe aliyeolewa. Alisimulia vizuri. Mimi mwenyewe nilisema Mungu amrehemu."

Ilhan hakucheka, wala Mustaf hakuonekana kutarajia acheke.

"Nikijitokeza," aliendelea, "sheikh atasema ndoa ya kwanza ndiyo ndoa. Hao watoto wake wataitwa nani? Ana wangapi?"

"Watatu."

"Watatu," alirudia polepole, kama anayepimiwa kitu. "Basi hilo limeisha. Mama Raho ndiye hajaisha. Bado anatafuta?"

"Anatafuta."

"Fanya utakavyoona. Maiti hatoi amri. Lakini jino hili liondoe. Naona ndilo peke yake linalonijua."

Jino lilikuwa limeoza chini ya zibo na usaha ulikuwa umeshika mzizi. Lingeng'olewa hata kama lingekuwa la mtu mwingine. Ilhan alilipima jambo hilo mara mbili kabla ya kushika koleo, maana alitaka kuwa na hakika kwamba anang'oa kwa sababu ya jino. Arbia alirudi na dawa ya ganzi isiyohitajika, akashika taa. Mizizi miwili ilitoka mizima.

Mustaf alijifunga kitambaa chake, akatoa shukrani kwa kile Kiswahili cha kambini, akashuka ngazi. Arbia alikuwa amekwisha kumwita mgonjwa mwingine.

Alhamisi Kaltun alimleta binti yake wa kwanza, Leyla, mwenye jino la maziwa lililokataa kudondoka. Kaltun alikuwa amenenepa kidogo, kicheko kimerudi.

"Abaayo, dada yangu, mtazame huyu. Baba yake amejaribu kumfunga uzi, mtoto akakimbia na uzi mpaka kwa jirani."

Ilhan alimtazama Leyla. Chonge zote zilikuwapo, nyeupe, mahali pake. Leyla alipozaliwa na kuharisha, bibi alikuja na msumari wake, na Kaltun alimfungia mlango kwa sababu Ilhan alimwambia amfungie. "Wewe ukisema kitu kuhusu meno, mimi sipimi tena," alikuwa amesema siku ile. Aliyasema tena Alhamisi hiyo, kuhusu dawa ya kusukutua, na Ilhan akageukia sinki kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Kuanzia hapo vinywa vilianza kumfuata. Akiketi kula anjera nyumbani, aliuona mfereji wa tano. Aliona taya kwenye mfuko wa unga, na mara hii lilikuwa limemgeukia. Hakuamini mambo ya mizimu wala hakuanza kuamini. Aliandika katika daftari kwamba ni uchovu, akalala saa moja mapema kila siku kwa wiki nzima, kama dawa. Taya halikupungua.

Alitoa faili la kale kabatini. Ndani mlikuwa na picha alizopiga za taya lile kabla halijazikwa. Alizitazama kwa kioo cha kukuzia. Aliona kitu ambacho aliwahi kukiona na kukichora, kisha akakiacha: meno mawili ya mbele, moja lilikuwa limepanda juu ya jirani yake, kama mtu aliyekunja mguu. Katika chati ya Mustaf sehemu ya meno ya mbele ilikuwa tupu. Siku alipomziba jino palikuwa na foleni ndefu, na hakuwa amejaza. Yeye, aliyepima hata muda wa kuchemsha vyombo kwa saa.

Raho alikuja Jumatatu iliyofuata.

Alikuwa akija tangu mwaka wa maziko. Habari ilikuwa imetembea kwamba kuna daktari mwanamke Garissa anayeweza kuulizwa mifupa, na kila mchungaji aliyeokota kitu kati ya Hulugho na Liboi alimpelekea Raho, na Raho alimletea Ilhan. Mataya tisa sasa. Mara moja lilikuwa la nyani. "Hata mimi nilijua ni nyani," alisema siku ile, "lakini aliyelileta alitembea siku mbili. Ningemwambia nini?" Kila mara Ilhan alitafuta kitu kimoja tu: chonge za chini. Kama zipo, si Fathi. Mpaka sasa zilikuwapo zote, kwa hiyo hakuwahi kuhitaji kuuliza zaidi.

Raho aliweka fundo la kitambaa juu ya trei, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa kama kawaida yake, kwa sababu kiliupumzisha mgongo.

"Hili la kumi, daktari. Yakifika kumi na mbili nitakudai meno yangu mapya."

Ilhan hakulifungua fundo. Alifunga mlango.

"Eeddo, shangazi yangu, nieleze meno ya Fathi ya chini. Ya mbele."

"Leo umeanza kuuliza?"

"Leo."

Raho alinyoosha kidole akagusa meno yake mwenyewe, yaliyobaki. "Haya mawili. Moja lilimpandia mwenzake. Tangu yalipoota, ana miaka saba. Wenzake walimcheka, wakasema meno yake yanapanda ngamia. Mustaf ndiye aliyekuwa akiwapiga wanaocheka." Alishusha mkono. "Kwa nini?"

Ilhan alikuwa amejiandaa kwa sentensi nne, kila moja ikiwa na jambo moja la hakika. Alisema ya kwanza tu.

"Nilikosea."

Alimpa picha na kioo cha kukuzia. Raho hakutaka kioo. Aliishika picha mbali na uso, kama wanavyoshika wenye macho ya uzeeni, na aliitazama muda mrefu. Chini muuza vitambaa alikuwa akibishana na mteja juu ya rangi, kama ni kijani au si kijani.

"Alikuwa amefunikwa?" aliuliza hatimaye.

"Alifunikwa uso. Kwa shati."

"Shati la Mustaf."

"Ndiyo."

"Nilikuwapo siku ya maziko," alisema Raho. "Nilisimama pamoja na wanawake, nyuma. Nilimlilia Mustaf, kwa sababu alikuwa mtoto wangu nusu. Nililia vizuri, nikajishangaa. Nikasema, Raho, mbona unalia kama ni wako." Aliweka picha juu ya magoti. "Hakuna aliyeniuliza juu ya meno. Walimuuliza Kaltun shati, wakakuuliza wewe faili. Mimi nilikuwa hapo hapo."

Ilhan alisema ni kweli.

"Na huyo mwingine?" aliuliza Raho. "Shati halitembei lenyewe. Nani amekuambia kuhusu uso?"

Sentensi ya tatu na ya nne zilikuwa hapo, tayari. Ilhan alimtazama yule mama, akaona kwamba akinyamaza Raho atamaliza hesabu mwenyewe kabla hajafika ngazini. Akamwambia yote, maji pia.

Palipofika maji Raho alifumba macho.

"Alisema ana tumbo baya," alirudia. "Huyo ni Fathi. Hata kwangu alikuwa akisema ameshiba."

"Eeddo, naweza kuandika ripoti mpya. Nitampelekea kadhi. Kaburi litakuwa na jina lake. Ni haki yako, na kosa ni langu. Lakini nikiandika, watauliza Mustaf yuko wapi."

"Na Kaltun?"

"Kaltun atakuwa kama alivyokuwa kabla ya ripoti. Au vibaya zaidi."

Raho aligeuza picha juu chini. Nje kwenye benchi watu walikuwa wakikohoa. Arbia alimwambia mtu kwamba daktari ana mgonjwa, na mtu yule akajibu kwamba hata yeye ni mgonjwa, hakuja kununua kitambaa.

"Yule mkubwa, Leyla," alisema Raho, "huniita ayeeyo, bibi yake. Sikumfundisha. Aliamua mwenyewe." Alisimama polepole, akishika mkono wa kiti. "Usiandike."

"Umefikiri?"

"Nimekuwa na miaka kumi na moja ya kufikiri. Nilitaka kujua alipo. Najua. Nikimtembelea nitasoma dua yangu, na Mungu hasomi kibao." Alikunja picha. "Hii nachukua."

"Chukua."

Alipofika mlangoni aligeuka, akanyooshea kidole fundo lililokuwa juu ya trei.

"Hilo hujalitazama."

"Si lake, eeddo. Sasa tunajua."

"Sisi tunajua. Wale wa nje hawajui. Nikiacha kuleta mifupa watauliza, huyu mama amepata nini hata amenyamaza? Wataanza na mimi, watamaliza na Kaltun. Tazama."

Ilhan alivaa glavu. Alilifungua fundo. Lilikuwa taya la mtu mzima, safi, limekaushwa na jua. Alianza kulia, akazunguka, meno yote, hata ya mbele. Chonge zilikuwapo. Raho alifungua mlango ukawa wazi, na wale wa kwenye benchi wakanyoosha shingo.

"Haya, daktari," alisema Raho kwa sauti ya kila siku. "Ni yeye?"

"Si yeye, eeddo."

"Alhamdulillahi. Basi bado natumaini."

Mzee mmoja kwenye benchi alisema amin. Raho alimwomba apishe, akashuka ngazi.

Alirudi baada ya wiki saba na la kumi na moja, na baada ya Ramadhani na la kumi na mbili, akadai meno yake mapya mbele ya watu wote, wakacheka. Kila mara aliuliza swali lile lile, na kila mara Ilhan alijibu kwa sauti ya kutosha kufika benchi la mwisho. Ilikuwa kweli kila mara. Hakuwahi kumdanganya mtu hata kwa neno moja, na alipolala taya liligeuka.

Faili la Mustaf lilikuwa na karatasi mpya nyuma, yenye tarehe, jina la Fathi, na mchoro wa meno mawili, moja limempandia mwenzake. Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikaa nao shingoni. Mataya aliyoletewa na Raho hayakurudi naye. Ilhan aliyaweka kwenye rafu ya chini, kila moja na faili lake, na kila faili lilijazwa jino kwa jino, pasipo nafasi tupu. Mahali pa jina aliandika kwamba halijulikani.

"Daktari, hao hawatakuja kufuata matibabu," Arbia alimwambia siku moja, akilihamisha la tisa ili apate nafasi ya kuweka pamba. "Unawafungulia faili za nini?"

"Ili akija mtu kuuliza," alisema Ilhan, "niwe na cha kulinganisha."

Akamwambia aite anayefuata.